Wiki za kwanza za George Q. Cannon kule Maui: nani hasa aliiokoa ile misheni?

Kisa ninachotaka tukichambue leo ni cha kijana wa miaka 23 anaitwa George Q. Cannon, Mmormoni, yaani muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliyeshuka melini bandari ya Honolulu tarehe 12 Desemba 1850 akiwa na wenzake tisa. Hawajui lugha ya pale, hela walizonazo ni za kubana, na visiwani hakuna muumini hata mmoja wa kanisa lao wa kuwapokea. Miezi michache baadaye nusu ya wale kumi walikuwa wameshaondoka, tena pamoja na kiongozi wao. Ila miaka minne baadaye kanisa lao lilikuwa na waumini zaidi ya 4,000 Hawaii, karibu wote wenyeji. Sasa katikati hapo kuna kitu kilitokea, na mimi naona kilitokea mapema sana, ndani ya zile wiki za kwanza kabisa, kwenye mji mdogo wa Lahaina kisiwa cha Maui.

Halafu meli iliyowaleta kutoka San Francisco iliitwa Imaum of Muscat, yaani Imamu wa Maskati, na wageni wa enzi hizo walikuwa wakimwita hivyo Sayyid Said bin Sultan, ambaye wakati huohuo alikuwa anatawala akiwa Zanzibar. Kwa msomaji wa pwani yetu nimeona si vibaya ajue kwamba jina la mtawala wake lilikuwa linaelea mpaka katikati ya Pasifiki.

Tuanze na kijana mwenyewe maana bila kumjua hutaelewa kwa nini aliamua alivyoamua. Cannon alizaliwa Liverpool Januari 1827, familia ikaingia kanisani 1840, na 1842 wakapanda meli kwenda Marekani. Mama yake akafia baharini njiani. Baba naye akafariki 1844. Kwa hiyo dogo kakulia Nauvoo, mji wa Wamormoni jimbo la Illinois, kwa mume wa shangazi yake, John Taylor, na huko ndo akajifunza kazi ya uchapaji, kupanga herufi na kila kitu cha kiwandani. Oktoba 1847 akafika bonde la Salt Lake, Utah, Wamormoni walikohamia, miaka miwili baadaye viongozi wakamtuma California kuchimba dhahabu, maana hata hiyo ilihesabika kuwa ni kutumwa, na kazi yenyewe hakuipenda hata kidogo. Ni huko machimboni, vuli ya 1850, mtume Charles C. Rich, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, alipowaita vijana na watu wazima kadhaa akawaambia nendeni Visiwa vya Sandwich, ndilo jina la Hawaii kwa wazungu wa wakati ule. Na moja ya sababu zilizozungumzwa ni kwamba maisha California wakati wa baridi yalikuwa ghali mno, kwa hiyo kukaa visiwani haitawagharimu zaidi na huku wanahubiri. Mimi hili sioni aibu yake, watu wa imani nao wanakula na wanalipa nauli, ila lina maana kwenye kisa: hii haikuwa misheni iliyopangwa vizuri, hakuna mafunzo ya lugha, hakuna fungu la pesa, hakuna hata maelekezo yaliyonyooka kuhusu wanakwenda kuhubiri kwa nani.

Hilo la mwisho ndo lililokuja kuwaumiza.

Kesho yake baada ya kufika, wale kumi walipanda mlima nyuma ya mji, wakakusanya mawe wakajenga madhabahu ndogo, wakaomba. Halafu wakapiga kura nani aende kisiwa gani. Cannon ikamwangukia Maui, mwenzake James Keeler, na safari ya Maui wakaungana pia na Henry Bigler, jamaa wa miaka 35 ambaye wanahistoria wanamjua kwa jambo jingine kabisa, yaani shajara yake ndiyo iliyothibitisha tarehe ambayo dhahabu ilionekana kinu cha Sutter kule California, 24 Januari 1848. Watatu hao ndo wakashuka Lahaina kabla mwaka haujaisha.

Lahaina hapakuwa porini, hapa watu wengi wanaosimulia habari za wamisionari wanakosea wakifikiri kijana anafika mahali ambapo hakuna kitu. Mji huo ulikuwa makao ya mfalme mpaka miaka ya 1840, ni bandari ya meli za wavuvi wa nyangumi zinazokuja kwa mamia, na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka New England walikuwa visiwani tangu 1820, miaka 30 kabla. Biblia nzima ilikuwa imeshatoka kwa Kihawaii mwaka 1839. Juu tu ya mji kulikuwa na shule ya Lahainaluna iliyofunguliwa 1831, imetoa mahakimu, walimu, waandishi. Watu wanasoma na kuandika kwa lugha yao, wana mfalme Kamehameha III, wana katiba ya 1840, wana kanisa wanalolijua na mchungaji wanayemjua.

Lakini pia ni watu wenye msiba. Mwaka 1848 na 1849 surua, kifaduro na mafua vilipita visiwa vyote vikaua watu labda 10,000, kama mtu mmoja kati ya kumi. Wakati huohuo ardhi ilikuwa inagawanywa upya, 1848, na Julai 1850, miezi mitano tu kabla ya Cannon kufika, ikatoka sheria ya kuruhusu wageni kununua ardhi. Kwa hiyo mwenyeji wa Maui akimwona mzungu mpya barabarani ana sababu za kutosha kujiuliza huyu naye kaja kuchukua nini. Naomba uliweke hilo kichwani tunapoendelea.

Sasa tatizo. Wengi kati ya wale kumi walielewa kwamba wametumwa kwa wazungu, wanaozungumza Kiingereza. Na ukiangalia inaeleweka, lugha nyingine hawaijui. Ila wazungu wa Lahaina walikuwa wachache, wengine mabaharia wa kupita, wengine wafanyabiashara, na waliobaki wameshaegemea kwa wachungaji waliopo. Hawakuwa na haja nao kabisa. Ndani ya muda mfupi watatu hawa walikuwa wameshajua kwamba hapa hakuna wa kumhubiria, yaani kazi waliyoitafsiri kuwa ndiyo yao imeisha kabla haijaanza. Hela nazo zinakwisha, nyumba waliyopanga hawaiwezi tena.

Barua kutoka visiwa vingine nazo zinasema yaleyale. Wenzao wamekata tamaa, wengine wanatafuta meli ya kurudi. Rais wa misheni, Hiram Clark, mwenyewe baadaye aliondoka kwenda visiwa vingine vya Pasifiki.

Ukiwa wewe ni Cannon una njia kama tatu hivi. Unarudi, na hakuna atakayekulaumu kwa sababu ulitumwa kwa wazungu na wazungu wamekataa. Au unabaki unasubiri maelekezo, ambayo kwa enzi hizo barua ni miezi. Au unabadilisha kabisa swali, unasema hawa watu wanaotuzunguka asubuhi mpaka jioni, wanaotusalimia, ndo watu tuliotumwa kwao, kwa hiyo tujifunze lugha yao. Cannon akachagua hiyo ya tatu, tena mapema, na msimamo aliousema ni kwamba atabaki aijue lugha na awahubirie wenyeji hata kama wenzake wote wataondoka abaki peke yake. Bigler na Keeler wakakaa naye, na visiwa vingine William Farrer na James Hawkins nao hatimaye wakabaki. Watano.

Nimeona watu wengi wanaposimulia hapa wanamalizia kwa kusifia ujasiri wa kijana, na kweli ujasiri ulikuwepo, mtu yatima wa miaka 23, mdogo kiumri, kusimama na kusema hivyo mbele ya watu wazima waliomzidi si kitu kidogo. Ila mimi nataka tukae kidogo kwa mtu mwingine ambaye kwenye masimulizi anapewa sentensi mbili tatu halafu anapitwa.

Anaitwa Nalimanui. Mama mtu mzima, Mhawaii, wa palepale Lahaina. Wale watatu waliposhindwa kodi, Cannon alimwendea akamuuliza kama anaweza kuwapa pa kukaa, na yule mama akakubali, akatoka yeye kwenye nyumba yake akahamia kwa binti yake, nyumba akawaachia wageni. Soma tena hapo. Sio kwamba aliwapa chumba cha uani. Alitoka yeye. Kwa wazungu watatu ambao hawana hela, hawana cheo, na hata lugha yake hawaiongei sawasawa, tena kipindi ambacho watu wake wametoka kuzika, na ardhi inauzwa kwa wageni.

Kwa nini alifanya vile? Ukarimu wa Kihawaii ni jibu la kwanza na ni jibu la kweli. Ila nadhani kuna la pili, na hapa ni mtazamo wangu: hawa watatu walikuja wakiwa na uhitaji, na waliomba. Mzungu aliyezoeleka Lahaina alikuwa mwenye meli, mwenye duka, au mwenye mimbari, yaani anakuja kutoa amri au kutoa somo. Huyu kaja kuomba pa kulala na kuomba afundishwe kuongea. Mwenyeji anabaki kuwa mwenyeji, anabaki na heshima ya nyumba yake. Ni kama mwalimu mpya anayepangiwa kituo kijijini: yule anayefika anauliza nyumba za walimu ziko wapi na zina umeme hukaa peke yake mwaka mzima, na yule anayekaribishwa kwa mama fulani akala ugali wao wiki ya kwanza, ndani ya mwezi anajua majina ya watoto wa nusu ya kijiji.

Na faida ya nyumba ile haikuwa kulala tu. Jioni majirani walikuwa wanakuja, wanakaa, wanapiga stori, na Cannon anauliza hili linaitwaje lile linasemwaje. Mwenyewe kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 1879 anasimulia jioni moja yuko na majirani wa Nalimanui, anatamani sana kuelewa, mara akahisi kitu cha ajabu masikioni, akaruka kusimama ameshika kichwa pande zote mbili, akawaambia Bigler na Keeler waliokuwa mezani kwamba anaamini amepewa kipaji cha kufasiri. Na toka siku ile, anasema, kuelewa watu hakukumpa tena shida kubwa.

Yeye alisadiki kuwa ni kipaji cha Mungu, na mimi siwezi kusimama leo nimwambie mtu kitu alichosikia masikioni mwake hakikuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba kipaji kile kilimkuta akiwa kwenye nyumba ya Mhawaii, katikati ya majirani Wahawaii, jioni, wanaongea. Hakikumkuta hotelini. Mtu ukimnyima ile sebule unamnyima na mahali pa kupokelea hicho kipaji, kwa hiyo hata aliye na imani kali kabisa bado atabidi amshukuru Nalimanui.

Kitu kingine kidogo ila kizito: chakula. Chakula kikuu cha pale ni poi, magimbi yaliyopikwa, yakapondwa mpaka yakawa kama uji mzito, na mara nyingi yameachwa yachachuke. Cannon alikionja kijiko kimoja Lahaina akashindwa. Alisema harufu yake na ya kibuyu ilimkumbusha chungu cha gundi ya kufungia vitabu iliyochacha, na huyu ni mtu wa kiwanda cha uchapaji kwa hiyo anajua anachokisema, karibu atapike. Sasa alipoamua kutoka kwenda vijijini akapiga hesabu: nikikataa poi, kila nyumba nitakayoingia itabidi wanipikie pembeni, nitakuwa mzigo kwa watu ambao wenyewe hawana. Akaomba Mungu amfanye apende poi. Akaila. Na baadaye anasema akaja kuipenda kuliko vyakula vingi alivyokulia. Mimi hii naiweka sawa kabisa na habari ya lugha, maana mwenyeji anakupima kwa namna unavyoupokea mkono wake unaokupa chakula, na uso wa mgeni anayekula kwa kujilazimisha kila mama anaujua.

Mwanzoni mwa Machi 1851 akafunga begi lake akaondoka peke yake kwa miguu kuzunguka kisiwa. Safari haikuwa nzuri, hata mtoni alianguka akalowa. Alishaupita mji wa Wailuku anaelekea mbele, akahisi moyoni kwamba arudi. Akarudi. Na wakati anapita karibu na kanisa, wanawake wawili wakatoka kwenye ua wa nyumba wakamwona wakaita kwa nguvu kuwaambia waliomo ndani, "E ka haole!", yaani kuna mzungu huku. Wakatoka wanaume watatu, mmoja wao ni Jonathan Napela, hakimu wa pale, msomi wa Lahainaluna. Akamkaribisha ndani. Cannon alisema papohapo alijua hawa ndo watu aliokuwa anawatafuta.

Fikiria kama mkutano huu ungetokea Desemba badala ya Machi. Napela ni mtu msomi, ana nafasi, ana maswali ya maana, na Cannon wa Desemba asingeweza kumjibu hata moja bila mkalimani. Miezi ile miwili na kitu kwa Nalimanui ndo ilimfanya Cannon awe mtu ambaye Napela anaweza kukaa naye mezani wakabishana. Kila kilichokuja baadaye kimepita hapo: Napela alibatizwa Januari 1852, akawa ndiye msaidizi mkubwa wa Cannon kwenye kutafsiri Kitabu cha Mormoni, maandiko ya kanisa hilo, kwa Kihawaii, na mwaka 1855 kikachapishwa San Francisco, mchapaji mwenyewe ni Cannon, ile kazi ya ujanani Nauvoo ikamfaa.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu uchambuzi ukisifia tu haujakamilika. Gharama kubwa ya wiki zile hakulipa Cannon, walilipa wenyeji. Mchungaji wa Kiprotestanti wa Wailuku, Daniel Conde, alipojua kuna Mmormoni kwa Napela alianza kumpinga waziwazi mimbarini, na ibada moja Cannon alisimama baada ya mahubiri akamjibu mbele ya watu. Kwa Cannon lile lilikuwa jambo la kishujaa. Kwa Napela lilikuwa jambo la ajira. Alibanwa mpaka akapoteza uhakimu wake, na kuna kipindi ilibidi Cannon atoke Wailuku ahamie Kula, juu kwenye miteremko ya mlima, ili presha ipungue. Mgeni akikosana na mji anaweza kupanda skuna akaondoka. Mwenyeji aliyemkaribisha anabaki na majirani zake, na mchungaji wake, na mshahara uliokatika. Na sidhani Cannon, kwa umri wake ule, alikuwa ameliwaza hilo vya kutosha aliposimama kanisani siku ile. Alikuwa na haki ya kujibu, ila angemuuliza Napela kwanza.

Napela mwenyewe hakurudi nyuma, lazima niseme. Mtu huyu baadaye sana, 1873, mkewe Kitty alipougua ukoma akapelekwa Kalaupapa, makazi ya kuwatenga wenye ukoma kisiwa cha Molokai, naye aliamua kwenda kuishi naye huko, akaupata ugonjwa huohuo akafariki 1879. Kwa hiyo usimwone kama mtu aliyevutwa tu na kijana mgeni, alikuwa na msimamo wake tangu mwanzo, na naamini alimchagua Cannon kama vile Cannon alivyomchagua yeye.

Unaweza kusema labda hii ni bahati ya mtu mmoja, lakini kuna kisa cha pili cha kupimia. Septemba 1854 alifika Honolulu Joseph F. Smith, mtoto kabisa, miaka 15, baba yake aliuawa 1844 na mama amefariki 1852. Naye akapangiwa Maui, Kula kulekule. Akashikwa na homa kali, na aliyemuuguza ni mama wa Kihawaii aliyekuja kujulikana kama Ma Mahuhii, akamlea kama wa kumzaa. Kama siku 100 hivi, kijana anaongea Kihawaii. Ndiye aliyekuja kuwa rais wa kanisa zima mwaka 1901. Tofauti ya umri, tofauti ya mazingira, maana wakati huo kanisa limeshakuwa na watu pale, ila njia ya lugha ni ileile: nyumba ya mama wa Kihawaii, na mgeni asiye na uwezo wa kujiringia.

Leo mambo yamebadilika sana. Hawa vijana wa shati jeupe na tai, wamisionari wa kanisa hilohilo, tunaowaona wawili wawili Nairobi, ambako misheni ilianzishwa 1991, wamepita kituo cha mafunzo, wana mwenzao aliyetangulia, wana nyumba imeshapangwa, wana simu. Vizuri, sitaki mtoto wa mtu alale njaa ili ajifunze lugha. Lakini nyumba iliyopangwa tayari ina maana hakuna Nalimanui wa lazima, kijana inabidi amtafute kwa hiari yake, na wengine wanamaliza wiki sita za eneo la kwanza hawajala kwa mtu. Ningekuwa mimi ndo napokea kijana mpya eneo langu, kabla ya kumuuliza amefundisha masomo mangapi ningemuuliza jioni ya jana alikaa kwa nani na waliongea nini.

Kuhusu wale watano waliorudi, sitaki kuwahukumu. Walitumwa kwa maelekezo yenye ukungu, wakayafuata walivyoyaelewa, wazungu wakakataa, wakaondoka, na kwa karatasi hawakuvunja agizo lolote. Lawama naiweka kwa waliowatuma bila kuwaambia wazi kwamba visiwa vya Wahawaii vinakaliwa na Wahawaii. Cannon alitakiwa kuligundua hilo mwenyewe, akiwa na miaka 23, hana hela, na alifika mahali pa kuligundua kwa sababu kuna mama alikubali kuhama nyumba yake.